Kimya cha Muuza Nyumba

Katika mitaa ya Musoma, kama katika miji mingi ya Tanzania, si ajabu kuona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu maneno haya: Nyumba hii haiuzwi. Mwenye nyumba hulazimika kuufanya ukuta wake useme, kwa sababu wako matapeli wauzao nyumba zisizo zao, na mnunuzi akishatoa fedha hana wa kumdai. Hapana mtu anayeyacheka maandishi hayo. Kila mmoja ajua yametokana na nini. Lakini siku mwenye nyumba anapoamua kuuza kweli, maandishi hufutwa, ukuta hupakwa rangi mpya, na tangu hapo haunenI neno, hata kama nyuma ya rangi ile mchwa wamekwisha kula fremu za milango na kupanda mpaka kwenye kenchi. Ukuta uliokuwa hodari wa kuonya juu ya mwizi wa nje huwa bubu juu ya hila ya mwenyewe.

Yapo mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa, na yafaa yatenganishwe mapema. Kuuza nyumba iliyoliwa na mchwa pasipo kuitengeneza si kosa. Mjane wa Butiama aliyeachiwa nyumba ya matofali na deni la hospitali hana fedha za kubadili kenchi, na hapana mtu mwenye haki ya kumwamuru azitafute. Mzee anayehamia kwa mwanawe hana nguvu ya kusimamia mafundi. Nyumba ni mali yao. Waiuze kama ilivyo. Kiwanja kipo, msingi upo, mabati yapo, kuta huenda zitasimama miaka mingi bado. Yuko mnunuzi wa nyumba ya namna hiyo, naye huitaka kwa bei yake. Kosa haliko katika kutotengeneza. Kosa liko katika kunyamaza, na hasa katika ule utengenezaji wa uongo ambao kazi yake ni kunyamazisha: lipu iliyopakwa juu ya njia za mchwa, ubao mpya uliopigiliwa juu ya ubao mtupu, dari iliyowekwa ili mtu asione juu. Nyumba isiyoguswa humwambia mnunuzi habari zake kwa kadiri awezavyo kuzisoma. Nyumba iliyotengenezwa nusu imefundishwa kusema uongo.

Watetezi wa kimya hawakosi methali. Mwenye macho haambiwi tazama, husema. Mnunuzi alikuja mchana, akazunguka vyumba vyote, akaridhika kwa hiari yake. Methali hiyo ni njema mahali pake. Yamfaa mtu aliyenunua mbuzi kilema naye alimwona akichechemea. Haimfai aliyenunua nyumba yenye mchwa, na anayeitumia hapo ama hamjui mdudu huyu au anamjua mno.

Mchwa hana ngozi ngumu ya kumkinga. Akiachwa katika mwanga na hewa kavu hukauka akafa. Kwa hiyo maisha yake yote ni ya kujificha. Hutoka ardhini kwa ufa wa msingi, hujenga njia ya udongo uliochanganywa na mate yake, hupita ndani yake hadi kwenye mbao, na akifika huzila kutoka ndani, akiacha ganda la nje jembamba kama karatasi. Fremu ya mlango yaweza kuonekana nzima, yenye rangi inayong'aa, kumbe kidole kikibonyeza huzama. Watu wengi wa kandokando ya Ziwa Nyanza wanamjua mdudu huyu kwa mema yake pia: kumbikumbi wa mvua za kwanza ni kitoweo, uyoga uotao kwenye kichuguu hutafutwa, na udongo wa kichuguu hufyatuliwa matofali, hata huenda nyumba yenyewe ilijengwa kwa udongo wake. Lakini ndani ya mbao hakuna ajuaye hesabu yake ila aliyelala chini ya kenchi hizo mwaka baada ya mwaka, akasikia ubao ukitoa sauti ya utupu, akafagia vumbi la udongo kila asubuhi, akaona kumbikumbi wakitoka ukutani usiku wa mvua za vuli. Mtu huyo ni muuzaji. Mnunuzi ana macho. Muuzaji ana miaka. Kusema kwamba wawili hao wamesimama sawa mbele ya nyumba ni dhihaka.

Zamani jambo hili halikuleta ugomvi. Nyumba ya miti na udongo katika vijiji vya Mara haikuwa bidhaa. Mchwa walipoila, jamaa walikata miti mingine wakajenga tena, na hasara ilibaki kwa yule yule aliyekaa ndani. Leo Bunda ni mji wa barabara kuu, itokayo Mwanza kwenda Musoma na kuendelea mpaka Sirari mpakani. Wauguzi, walimu na wafanyabiashara huja kwa uhamisho au kwa biashara, nao hununua kwa watu wasiowajua. Na ichukuliwe mfano wa mwalimu aliyestaafu, mwenye kiinua mgongo mkononi. Fedha hizo hazitakuja mara ya pili. Akishazitia katika nyumba ambayo kenchi zake ni maganda, hana mshahara wa kununua nyingine. Atalala chini ya mabati hayo akisikiliza upepo wa ziwani, au atauza kwa mwingine kama alivyouziwa. Hivyo ndivyo kimya cha mtu mmoja kinavyogeuka kuwa desturi ya mtaa.

Husemwa kwamba sheria iko upande wa anyamazaye. Neno hilo lina ukweli kidogo, na ukweli huo yafaa ujulikane. Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, yasema katika kifungu cha 17 kwamba kunyamaza tu si udanganyifu, isipokuwa pale ambapo mtu ana wajibu wa kusema, au kimya chake ni sawa na kusema. Tena kifungu cha 19 hukataa kuutangua mkataba uliopatikana kwa kimya, ikiwa aliyedanganywa angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Madalali hawavijui vifungu, lakini matunda yake wanayajua vizuri. Hata hivyo, uangalifu wa kawaida ni upi mbele ya mdudu ambaye uhai wake hutegemea kutoonekana? Je, mnunuzi abomoe lipu ya nyumba isiyo yake?

Sheria ile ya India ina mfano wa farasi mgonjwa. Auzaye farasi mnadani akanyamaza juu ya ugonjwa wake hakudanganya. Lakini ikiwa mnunuzi ni binti yake aliyetoka utotoni hivi karibuni, undugu wao unamtaka aseme. Na ikiwa mnunuzi amemwambia, "Usipokanusha, nitachukua kwamba farasi huyu ni mzima," naye akakaa kimya, kimya hicho ni kauli. Hapa mtu hana budi kutabasamu kidogo, maana ni patano gani la nyumba, Musoma au Bunda, ambalo muuzaji hakumwita mnunuzi ndugu yangu tangu salamu hata kupeana mikono? Undugu huo hudaiwa katika kuongeza bei. Unapofika wakati wa kutaja mchwa, ghafula wote wawili huwa wageni mnadani.

Mabishano haya ni ya kale kuliko madalali. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma aliandika juu ya mtu auzaye nyumba kwa sababu ya ila anazozijua yeye peke yake: mbao zake mbovu, yakaribia kuanguka, na nyoka huonekana katika vyumba vya kulala. Wanafalsafa wawili waligombana juu yake. Antipater alisema kumwacha mnunuzi ajitose kwa kutojua ni kama kukataa kumwonyesha njia mtu aliyepotea. Diogenes wa Babeli akajibu kwamba hapana aliyelazimishwa kununua, na ingekuwa upuuzi mnadi atangaze: nauza nyumba ya maradhi. Diogenes huyo angepata kazi nzuri ya udalali Bunda. Cicero mwenyewe alihukumu kwamba si kila kunyamaza ni kuficha; kuficha ni pale mtu anapotaka, kwa faida yake, wale ambao kujua kungewafaa wasijue. Fikihi ya Kiislamu nayo humpa mnunuzi hiari ya kurudisha mali kwa ila aliyofichwa.

Hata Marekani, nchi ya biashara isiyo haya, mchwa wamefika mahakamani. Benki moja ya akiba ya Massachusetts iliuza nyumba mwaka 1938. Mnunuzi aliyekwenda kukaa humo na jamaa yake akaja kuona mchwa, akashtaki kwamba benki ilijua ikanyamaza. Mwaka 1942 mahakama ya juu ya jimbo ilimkatalia, ikihofu kwamba kila muuzaji angewajibika kutaja kila ila asiyoulizwa. Mwaka 1960 mahakama ya juu ya jimbo la Washington iliamua kinyume. Wauzaji wa jengo la kupangisha walijua mchwa wamo, wakafanya matengenezo yasiyotosha, wakauza kimya. Walijitetea kwamba hawakuulizwa. Mahakama ikasema walipaswa kusema wasipoulizwa. Na itazamwe vema: kilichowaponza ni matengenezo yale yale ya nusu.

Kwa Mara ipo hoja nyingine iliyo karibu zaidi. Mwaka 1958 Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa makala iitwayo Mali ya Taifa, akipinga ardhi kuwa mali ya mtu binafsi milele. Mtu hakuiumba ardhi. Kilicho chake ni jasho alilolitia juu yake. Umiliki wa milele ulifutwa mwaka 1963, na ingawa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imetambua kwamba ardhi yenyewe ina thamani, ardhi yote ingali ya umma, na rais ni mdhamini wake. Basi auzaye nyumba anauza jasho kwa sehemu kubwa. Mchwa wakiwa wamekwisha kulila jasho hilo, naye ataka lilipwe kama lilivyokuwa siku fundi alipopigilia msumari wa mwisho, fedha ile anaidai kwa haki gani?

Atajibu kwamba akisema, bei itashuka. Naam, itashuka. Itashuka kwa kadiri ya mbao, misumari, dawa na ujira wa fundi, maana hizo ndizo zilizopotea, na zilipotea mikononi mwake. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Hawakusema kwamba ukuta huo utajengwa na mgeni. Mjane wa Butiama atapata pungufu, na pungufu hilo ni chungu. Lakini hapana sababu ya kulihamishia kwa mwalimu aliyestaafu, ambaye huenda ni maskini kuliko yeye.

Karatasi za mauziano huuliza mengi. Huuliza mipaka, majirani na mashahidi, na mwenyekiti wa mtaa hupiga muhuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hutaka idhini ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa, ulinzi uliokuja baada ya wake wengi kuuziwa paa juu ya vichwa vyao. Juu ya hali ya nyumba yenyewe karatasi hukaa kimya kama muuzaji. Mstari mmoja ungetosha: kwamba muuzaji amepata au hajapata kuona mchwa katika nyumba hii, mahali gani, mwaka gani, na alifanya nini. Mstari huo haumgharimu kitu mwenye nyumba nzima, wala haumkatazi mwenye nyumba mbovu kuuza. Akikataa kuuandika, mnunuzi na aazime ngazi na bisibisi, apande mwenyewe kwenye kenchi kabla ya fedha kuhesabiwa.