Cheti cha fundi Kasulu na Kibondo: nani anapimwa, nani anabaki nje?

Kuna swali moja ambalo wasikilizaji wetu hawachoki kutuuliza. Fundi amejenga miaka kumi na tano, nyumba zake zimesimama na watu wanaishi ndani. Akienda kuomba kazi kwa mkandarasi wa barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, anaulizwa cheti. Hana. Anaandikwa kibarua, anachanganya zege, na ujira wake ni wa kibarua.

Kwenye umeme ni hivyo hivyo. Gridi ya taifa imefika kwetu, nyumba nyingi zinafungwa nyaya, na kijana anayezifunga mara nyingi hana leseni ya EWURA. Fomu ya kuomba umeme inataka muhuri wa mwenye leseni, na leseni inataka cheti. Basi kijana anafanya kazi, mwenye muhuri anagonga, na fedha zinagawanywa. Msidhani mwenye muhuri amepanda juu ya dari.

Njia ya kumtoa fundi huyu hapo ipo. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, haitoi vyeti kwa waliosoma chuoni peke yao. Ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambao wengi wanauita urasimishaji ujuzi. Fundi aliyejifunza kwa baba yake au kwa fundi mwenzake anahojiwa, anapewa kazi aifanye huku wapimaji wakimtazama, na akionekana ana pengo mahali anaelekezwa. Akifuzu anapata cheti. Serikali, kupitia programu ya taifa ya kukuza ujuzi, imekuwa ikiwalipia mafundi gharama hizo kwa awamu.

Kwa hiyo njia ipo. Tunachouliza ni nani anaipita. Katiba yetu, ibara ya 11, inaitaka Serikali ifanye jitihada watu wote wapate fursa sawa za elimu na mafunzo ya ufundi. Haikusema watu wa mjini wala wanaume. Lakini fursa sawa haiwezi kujulikana bila kuhesabu, na hapo ndipo tunaona kasoro.

Taarifa nyingi tunazosomewa kwenye mikutano huishia kwenye idadi ya waliojiunga. Tuchukue mfano wa kubuni. Mafundi 100 wameandikishwa katika halmashauri, 60 wanaume na 40 wanawake. Arobaini katika mia inasikika vizuri, na watu wanapiga makofi. Sasa uliza fani. Ukikuta wanawake 36 kati ya hao 40 wako kwenye ushonaji na upishi, na wanne tu kwenye uashi, umeme na uchomeleaji, utajua kuwa zile kazi za barabara na nyaya hazikuwafikia. Kisha uliza ni wangapi walifika siku ya kupimwa. Kisha wangapi walifuzu, na wangapi cheti kiko mkononi. Kila hatua ina watu wanaopungua, na wanaopungua hawawi wale wale kwa bahati mbaya tu. Mama mwenye mtoto mchanga atashindwa kukaa siku kadhaa mbali na nyumbani. Fundi wa kijiji cha ndani nauli itamshinda. Asiyesikia atafika, atakuta hakuna mtu wa lugha ya alama, na mahojiano yatakwenda kwa kukisia. Wote hawa kwenye orodha ya kuandikishwa wamo.

Hapa wapo wanaotujibu kwamba kuwarahisishia watu hawa ni kushusha kiwango. Hatukubaliani nao, na sababu yetu ni timazi. Ukuta unapimwa kwa timazi na pimamaji. Ukuta uliopinda umepinda, awe ameujenga mwanamke, mlemavu au nani. Hakuna anayeomba timazi ilegezwe. Kinachoombwa ni fundi afike mbele ya huo ukuta na aelewe anachoulizwa: mkalimani awepo, upimaji ufanyike karibu na kazi yake, na asiyejua kusoma aulizwe kwa mdomo, kwa sababu anayepimwa ni muashi, si karani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki yao ya mafunzo na ajira, tena inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri angalau asilimia tatu ya watu wenye ulemavu. Mwajiri naye atasema hajawaona wenye vyeti. Mduara unafungwa hapo.

Kuna jambo la mpakani ambalo mtu wa Dar es Salaam hatalifikiria. Fomu nyingi siku hizi zinaomba namba ya NIDA. Kwetu, uhakiki wa uraia huchukua muda kuliko mikoa mingine, na tunaelewa kwa nini. Lakini fundi ambaye bado anasubiri namba anapitwa na awamu nzima ya upimaji, na hakuna safu kwenye taarifa yoyote inayomhesabu. Halafu tangazo lenyewe mara nyingi linawekwa mtandaoni, na muda wa kuomba ni mfupi. Ukilisikia kwa jirani, limeshapita.

Tahadhari moja kwa waliopitia mafunzo ya mashirika, yawe ya vijijini au ya kambini. Karatasi ya kuhudhuria si cheti cha umahiri. Kabla hujaanza, uliza kama mwishoni utapimwa, na cheti kitatolewa na nani.

Madiwani wetu hukaa kila robo mwaka, na kikao cha baraza ni cha wazi. Diwani wako anaweza kuomba taarifa ya mafundi kwa fani, kwa kata, kwa jinsia na kwa ulemavu: walioomba, waliopimwa, waliofuzu. Mkumbushe kabla ya kikao, si baada.

Wewe fundi, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako uulize awamu ijayo ni lini, na uache namba yako ya simu. Piga picha kazi zako kwa simu hiyo hiyo: msingi, ukuta, paa, gauni, geti. Andika ni ya nani na ya mwaka gani, kwa kuwa wapimaji watakuuliza umefanya nini na wapi. Kama NIDA bado, fuatilia sasa, usisubiri tangazo.