Mita Sitini za Umma

Mama wa Shinyanga anayekinga ndoo bombani alfajiri anateka maji ya Ziwa Victoria, ziwa ambalo huenda hajaliona kwa macho. Tangu 2009 maji hayo yanavutwa Ihelele, wilayani Misungwi, yanatibiwa na kusukumwa hadi Kahama na Shinyanga; baadaye mabomba yakafika Nzega, Igunga na Tabora. Tunapogombania viwanja vya ukingoni mwa ziwa, basi, tunagusa ndoo ya mtu aliye mbali ambaye hakuna aliyemuuliza.

Makala hii inadai jambo moja: ukanda wa ukingo wa ziwa uwe wa umma kwa vitendo, watu waingie bure kupumzika, na ofisi inayoutunza ijulikane.

Tutajibiwa kwamba sheria ipo. Kweli ipo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Lakini katazo halipandi miti, halizoi taka wala halifungui geti. Eneo lisilo na mtunzaji huanza kwa jalala, kisha yanakuja mabati, na mwishowe ukuta.

Kampala wameyaona. Maji machafu ya jiji hupita mfereji wa Nakivubo hadi kinamasi cha mafunjo, ambacho kilikuwa kikiyachuja kabla hayajaingia ghuba ya Murchison ya ziwa hilihili. Mashamba ya magimbi, viwanda na makazi vikakimega kinamasi. Mitambo ya Ggaba huteka maji ya kunywa katika ghuba hiyohiyo! Kadiri uchafu ulivyozidi, dawa na gharama za kusafisha zikapanda, hadi ukajengwa mtambo mwingine Katosi, Mukono, mbali na ghuba. Kazi waliyofanya mafunjo bila malipo sasa inalipiwa na mwananchi kupitia bili yake. Nasi Mwanza tunateka maji Capri Point, huku Mto Mirongo ukikatiza jiji na kumwaga ziwani.

Wapo wanaotaka ukingo wote uzungushiwe uzio, mtu asikanyage. Siafiki. Mahali ambapo familia huja Jumapili, watoto wakacheza na wazee wakakaa kivulini, pana macho mengi; bomba la majitaka likielekezwa ziwani usiku, asubuhi litaonekana. Mapumziko nayo yana masharti: vyoo viwe nyuma kabisa, magari yasioshwe majini, matete yaachwe yalivyo. Na wavuvi wa mialo na akina mama wanaoanika dagaa wasiwe wa kwanza kufukuzwa kwa jina la maji safi ilhali kuta za wenye uwezo zimesimama palepale. Hilo litakuwa dhuluma, na litawafanya watu wauchukie ulinzi wenyewe.

Limebaki swali la wapimaji: mita 60 kutoka wapi? Mei 2020 ziwa lilifurika hadi kuvuka rekodi ya 1964, likaingia majumbani na hotelini. Anayepima wakati wa kiangazi anagawa sehemu ya ziwa. Nguzo zipigwe kuanzia alama ya maji ya 2020, na ramani yake ibandikwe katika kila ofisi ya mtaa na kijiji cha ukingoni.