Tufunze Kutunza Miti, Si Kuipanda Tu

Kila mvua za masika zinapokaribia, shule nyingi za Nakuru na viunga vyake hupokea miche, wageni wa heshima na wapiga picha. Miche hupandwa, hotuba husomwa, idadi huandikwa. Baada ya hapo, aghalabu hakuna anayerudi kuuliza ni miche mingapi iliyouona mwaka wa pili. Mwezi Desemba 2022 Rais William Ruto alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikatangazwa siku ya mapumziko ili wananchi wapande miti. Sina ugomvi na mpango huo. Ninachosema ni kwamba tumewafunza wanafunzi kitenzi kimoja, kupanda, tukasahau viwili vinavyokifuata: kupandikiza na kutunza.

Napendekeza kila shule iwe na angalau msunobari mmoja mchanga uliohamishwa kutoka ardhini na kutiwa chomboni, kwa ufundi ambao Wajapani huuita bonsai, yaani kilichopandwa katika sinia. Mti wa uwanjani ukikauka, lawama huangukia jua. Mti wa chomboni ukikauka, kila mtu anajua zamu ya kumwagilia maji ilikuwa ya nani.

Kazi yenyewe ni somo la subira. Mche utoke katika kitalu au shamba la shule, wala si katika msitu wa Mau au Menengai. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kung'oa mche katika msitu wa umma bila kibali. Mwaka mmoja kabla ya kuuhamisha, mwalimu auzungushie sepetu, shubiri moja kutoka shinani, ili mizizi mirefu ikatike na mizizi midogo ichipue karibu na shina. Mvua zinapoanza na jua limepoa, ndipo unyanyuliwe pamoja na udongo wake. Mizizi isioshwe ikabaki uchi, kwani ule utando mweupe unaoonekana humo ni kuvu wanaousaidia msunobari kunyonya maji na chakula. Ndiyo sababu watunza vitalu huchanganya udongo uliochotwa chini ya misunobari mikubwa.

Gharama si kisingizio. Karai kuukuu lililotobolewa chini latosha. Udongo wa chombo hautakiwi kutuamisha maji, nasi tumejaliwa yale mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, ambayo watu husugulia miguu. Mafundi wa bonsai kwingineko huyanunua. Kwetu yamejaa tangu Longonot na Naivasha hadi Menengai. Yavunjwe, yachekechwe, yachanganywe na udongo wa asili wa mche.

Baada ya hapo mti uwekwe kivulini, usitiwe mbolea, usikatwe matawi wala kupindwa mwaka huo. Walimu hupenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mche uliong'olewa jana ushike mizizi kwanza. Nadhani methali hiyo ingefaa kukumbukwa hivyo hata kwa mtoto aliyewasili bwenini wiki hii.

Wapo watakaosema kuudumaza mti ni ukatili. Katika bustani ya taifa ya miti mjini Washington, Marekani, upo msunobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa kwa ufundi huu mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, ukanusurika. Mwaka 1976 Masaru Yamaki, ambaye jamaa yake iliutunza kwa vizazi, aliutoa zawadi kwa taifa hilohilo lililoangusha bomu. Mti uliotendewa ukatili hauishi karne nne.

Wengine watasema jambo hili ni la kigeni. Msunobari wenyewe ni mgeni kwetu: Pinus patula, unaopandwa sana katika nyanda zetu za juu, asili yake ni Meksiko. Hata jina msunobari tumelipata kutoka Kiarabu, sanawbar, tukalipachika kiambishi chetu, likapata wingi na upatanisho wa kisarufi kama mwembe na mnazi. Hivyo ndivyo lugha ipandikizavyo neno, na sioni kwa nini shule ishindwe kufanya hivyo kwa ufundi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu mambo mawili. Kwanza, daftari la miti lisiwe na safu ya iliyopandwa pekee, bali pia ya iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Pili, darasa linalomaliza likabidhi msunobari wake wa chomboni kwa darasa linaloingia, mbele ya shule nzima. Mwanafunzi aliyeupokea mti ukiwa hai ataona haya kuukabidhi ukiwa mkavu, na haya hiyo ndiyo itakayoiokoa miche ya uwanjani.