Stima ikirudi, nani anajua kuzima mitambo ya amonia?

Kijana mmoja wa mtaani kwetu ni kibarua katika ghala la baridi la samaki hapa Mombasa. Juzi tukinywa kahawa barazani alinieleza kwamba kuna siku harufu kali hupenya kutoka chumba cha mitambo, macho yakawachonyota, nao hufunga shati puani na kuendelea kupakua. Nilipomuuliza kama ameonyeshwa njia ya kutorokea, alicheka. "Ami, sisi ni watu wa kutwa," akasema.

Harufu hiyo, inayofanana na ya zizi la punda lisilofagiwa, ni amonia. Maghala makubwa huipenda kwa sababu inapoza vizuri, ni rahisi kwa bei na haiongezi joto duniani. Sina ugomvi nayo. Lakini gesi hii hutafuta maji, na mwilini huyapata machoni, kooni na mapafuni. Ikifika sehemu 300 katika milioni moja ya hewa, uhai umo hatarini.

Natoa mfano wa Theodore, jimbo la Alabama, Marekani. Agosti 22, 2010, stima ilipotea kwa zaidi ya saa saba katika ghala la kuku wa kusafirishwa nje. Kesho yake fundi alifuta ilani za hitilafu kwenye mtambo na kuuwasha upya, huku sehemu moja ikiwa bado katikati ya kuyeyusha barafu. Gesi moto ikakutana na amonia baridi ya majimaji, msukumo ukapasua bomba juu ya paa. Zaidi ya tani 14 zilivuja. Wingu likavuka mto hadi kwa vibarua waliokuwa wakisafisha mafuta yaliyomwagika baharini. Watu zaidi ya 150 walidhurika, 32 wakalazwa. Wachunguzi waligundua kwamba wafanyakazi walihangaika kuziba uvujaji huku mitambo ikiendelea, badala ya kuizima yote mara moja.

Sasa tujiulize sisi tunaojua stima ya Mombasa. Huko ilipotea siku moja. Hapa kwetu kukatika ni jambo la kawaida. Kila inaporudi, ni nani anayewasha mitambo, na alifundishwa na nani?

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlinda kila aliye kazini, wa kudumu na wa muda. Penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na ukaguzi ufanywe kila baada ya miezi 12. Mfanyakazi aliyeripoti hatari kubwa halazimishwi kurudi mahali hapo kabla haijaondolewa. Kwa hivyo neno "kibarua" si kisingizio.

Wala jambo hili haliishii getini. Owino Uhuru ilitufunza kwamba kiwanda kikikohoa, mtaa ndio huugua. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi wake fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya risasi, lakini fidia haimrudishi aliyekufa.

Tunapohubiriwa uchumi wa buluu na maghala mapya ya samaki, viongozi wetu waulize mambo machache kabla ya kukata utepe. Je, kuna vipima-gesi na king'ora kinachosikika mtaani? Kuna bendera ya upepo, ili watu wajue kama ni kusi au kaskazi na wasikimbilie linakoelekea wingu? Kuna maji ya kuosha macho kwa dakika 15? Zimamoto wa kaunti wamewahi kufanya mazoezi hapo?

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ile ya Alabama ilikuwa na kinga: fundi aliyefunzwa, na kitufe cha kuzima kilichobonyezwa mapema. Yule kijana wetu kesho alfajiri ataingia tena kazini na shati lake. Anastahili zaidi ya hilo.