Mheshimiwa Waziri, miguu ya watu wa Bagamoyo ikaguliwe

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,

Bagamoyo na vijiji vyake vya mwambao, kuanzia Mlingotini hadi Saadani, ni mahali ambapo miguu hufanya kazi ikiwa wazi. Wavuvi huvuta nyavu pekupeku, wakulima wa mwani hushinda kwenye maji ya magotini, wachuuzi wa samaki huvuka mchanga wa saa saba mchana. Mtu mwenye afya akikanyaga gamba la chaza atapiga ukelele, ataketi, atalitoa. Mwenye kisukari kilichopanda kwa miaka mingi hasikii kitu. Sukari imekwisha kuharibu mishipa ya fahamu ya nyayo na kuibana ile ya damu, basi anaendelea na safari, gamba likiwa ndani. Anayegundua ni mjukuu, siku kadhaa baadaye, akiona usaha kwenye kandambili.

Hapo huja majani ya kufunga kidonda, halafu zahanati, halafu hospitali ya wilaya, pengine na Muhimbili. Wengi hufika wakiwa wamechelewa, na mguu hukatwa.

Hili si jambo la wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari. Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari waliogugunwa miguu na panya wakiwa usingizini. Ganzi ya kiasi hicho haiji kwa siku moja. Kila kliniki aliyohudhuria mgonjwa kabla ya usiku huo ilikuwa nafasi ya kumvua viatu na kumtazama.

Dawa na vipimo vya sukari vina gharama, na kudai kwamba vitapatikana kesho kila kijiji ni kuwadanganya wagonjwa. Kukagua miguu ni jambo jingine. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, walionyesha kuwa inatosha mgonjwa afumbe macho, aguswe taratibu vidole sita vya miguu, vitatu kila upande, aseme anaposikia. Asiposikia viwili au zaidi, mguu uko hatarini. Kazi ya dakika moja, bila kifaa. Nchi hii pia ina uzoefu: tangu mwaka 2004, mradi aliouongoza Dkt. Abbas ulifundisha madaktari na wauguzi wa mikoani, wawili wawili, kutunza miguu ya wagonjwa hawa.

Watu wa Bagamoyo nao hujitokeza wakiitwa. Watoto wao walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kupitia Taasisi ya Afya Ifakara.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, agiza kila zahanati ya mwambao huu imguse mgonjwa vidole hivyo katika kila hudhurio na kuandika jibu kwenye kadi yake. Na kitita cha mafao cha Bima ya Afya kwa Wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, kihesabu viatu vya kufunika mguu kuwa tiba, kwa kila aliyekwisha kufa ganzi.