KIJANI KIBICHI SI RANGI YA KUPAKA TU

Ndugu msomaji, ukiambiwa utaje rangi za bendera yetu utazitaja bila kusita: nyeusi, nyekundu, kijani kibichi na nyeupe. Je, umewahi kujiuliza kwa nini hii ya tatu ina jina refu hivyo?

Jina lenyewe linajieleza. Kijani kimetokana na jani, na kibichi ni kitu ambacho bado kina maji ndani yake, hakijakauka. Wako wanaopenda kuiita chanikiwiti, nao hawajakosea. Lakini mimi nalipenda jina la kwanza kwa sababu linatukumbusha rangi hii ilikotoka.

Aliyenifunza kuitazama ni nyanya yangu, mwenye shamba dogo la majani chai huko Limuru. Nilidhani shamba lote ni la rangi moja. La hasha! Jani lililokomaa ni la kijani kizito, nalo huachwa. Linalochumwa ni chipukizi pamoja na majani mawili machanga, ambayo kijani chake kinakaribia manjano. Nyanya alikuwa akitazama rangi tu, akajua kama mwezi huo tutalipa deni la dukani au tutaongeza jingine.

Katika Biolojia nako tumefunzwa kwamba kijani cha jani ni klorofili, inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Kumbe kijani ni jiko! Jiko hilo likizimika, sote twalala njaa.

Sasa turudi hapa shuleni. Mwaka jana kuta za madarasa yetu zilipakwa kijani kutoka chini hadi madirishani. Zinapendeza, si uongo. Rangi hii haichomi macho, tena inaficha alama za viatu vyetu. Simlaumu aliyeichagua. Lakini hebu inama kidogo, utazame chini ya ukuta huo huo. Utaona vijiti vikavu vimesimama kwa mstari kama askari waliosahauliwa vitani.

Hiyo ndiyo miche yetu. Tarehe 13 Novemba 2023, Serikali ilipotoa siku ya mapumziko ili Wakenya wapande miti, sisi tuliokuwa kidato cha kwanza tulipanda miche arobaini. Tuliimba, tukapigwa picha, tukaenda zetu. Mvua ilipokatika, hakuna aliyeshika ndoo. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Kengele ya jioni ikilia kila mtu ni mbio kwao. Leo imebaki saba. Wangu haumo. Naona haya kuandika hivyo, lakini mficha maradhi kifo humuumbua.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliujua udhaifu wetu huu. Akina mama waliopanda miti pamoja naye walipewa malipo kidogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Kuchimba shimo pekee hakukutosha.

Maoni yangu ni haya. Kila mche upewe mwanafunzi wake, na jina lake liandikwe kando yake. Tena sisi wa kutwa tuna bahati, kwani kila asubuhi twatoka nyumbani ambako mboga zimeoshwa na maji yakamwagwa. Chupa moja ya maji hayo haimlemei mtu njiani. Chama chetu cha Kiswahili kianze na ile saba iliyobaki, kisha tupande mingine mvua za masika zikija.

Mimi nimeanza Jumatatu iliyopita. Kazi kwako, msomaji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta sisi tayari tunao, tena wa kijani.