Mukanda tusiosikia, tusiutie sahihi

Mara ngapi tumeitwa kwenye mkutano wa «cahier des charges»? Bakubwa wanafika na mukanda munene, wanasoma Kifaransa nusu saa, kisha mmoja anatufasiria kwa maneno mawili: «Kampuni itawasaidia.» Tunapiga makofi, shefu anatia sahihi, tunarudi nyumbani. Mwaka ukipita tunaanza kuulizana: walituahidi shule, ao walituahidi tu kuangalia kama shule inahitajika?

Hapo njo shida inaanzia. Sheria ya migodi ya mwaka 2018 inasema kampuni itoe angalau 0,3 % ya «chiffre d'affaires» kwa maendeleo ya wakaaji wanaoguswa na kazi yake. Kwa lugha ya nyumbani: kila ikiuza mali ya dola 1.000, dola 3 ni za kwetu. Ni hesabu ya mauzo, hapana ya faida. Lakini mwenye kufikiri neno lile maana yake ni faida, siku kampuni itasema «tulipata hasara», atanyamaza. Neno moja tu, na franga za kisima zimeenda.

Na Leta haiwezi kusema haikujua. Katiba, kwa article 142, inaamuru serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu itangazwe. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Ni nani kati yetu amekwisha kushika mukononi sheria ya migodi kwa Kiswahili?

Wengine watasema maneno haya ni magumu, hayana Kiswahili. Tunakataa. Kijana wa shimo ambaye hakumaliza shule anajua «teneur» ni nini, na anajua kubishana na mununuzi wa depo juu yake, kwa sababu inagusa mufuko wake. Neno likifasiriwa vizuri, mutu analishika siku moja.

Hatukatai Kifaransa, watoto wetu wanakisoma. Tunaomba kitu kimoja kwa badepite wetu na kwa bashefu: mukanda usomwe wote kwa Kiswahili, kopi ibaki kwa wakaaji, ndipo kalamu itoke. Mpaka siku ile, baba na mama, tusitie sahihi.